Kuuza trekta lililotumika: kumwachia dalali au kuuza mwenyewe?

Ndugu, nimekuelewa: una trekta aina ya Massey Ferguson 290 huko Mbarali, Mbeya, na dalali anakuharakisha uliuze sasa, mara tu baada ya mavuno. Ningekushauri uuze mwenyewe, na usubiri hadi Septemba au Oktoba, kwa kuwa wakulima wa nyanda hizo hutafuta matrekta kabla ya mvua kuanza, na hapo ndipo utakuwa na nguvu ya kupatana bei. Mruhusu mnunuzi aje na fundi wake asikilize injini ikiwashwa ingali baridi. Mtu aliyejiridhisha kwa macho yake habishani sana. Plau unaweza kuiuza kando. Zaidi ya yote, usikabidhi kadi ya usajili kabla fedha hazijaingia benki, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) bila kuchelewa, kwani ajali ikitokea, jina lako ndilo litakalotafutwa.