X-Trail inazima kwenye foleni: usinunue throto nyingine bado

Mkuu, pole. Hayo unayoeleza, taa ya injini kuwaka, gari kutetemeka ukisimama kwenye foleni, mara inazima ikiwa kwenye gia ya D, na fundi anasema throto (kile kifaa chenye kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa ya injini) imekufa utafute nyingine, yote yamenikuta na Nissan X-Trail kama yako, toleo la T30 lenye injini ya QR20. Usitoe hela kwanza.

Yangu ilianza taratibu. Asubuhi inawaka vizuri, ila nikifika Ubungo na foleni imekaza, nikikanyaga breki mshale wa mzunguko unashuka mpaka karibu na mia tano, usukani unatetemeka mkononi, halafu gari inashtuka na kupanda tena. Nikawa naendesha kwa miguu miwili kama mwanafunzi, mmoja kwenye breki, mwingine kwenye mafuta. Siku iliponizimia katikati ya makutano, daladala tatu nyuma zinanipigia honi na kondakta mmoja ananiuliza leseni nilinunua wapi, nikakubali kwamba hii siyo habari ya mafuta machafu.

Fundi wa kwanza hakupima chochote. Alifungua boneti, akasikiliza kidogo, akasema throto, laki tatu na nusu, ya mtumba ipo Gerezani. Nikamshukuru, nikaondoka. Wa pili alichomeka mashine ya kusoma makosa, ikatoa namba P0506. Hapo ndipo pa kuanzia, maana taa peke yake haisemi kitu mpaka usome namba. P0506 ni kwamba sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, iko chini kuliko kompyuta ya gari inavyotaka. Kwa Nissan ikipungua kwa mizunguko 100 kwa dakika au zaidi, kosa linaandikwa. Kompyuta inaomba hewa na haipati ya kutosha, kwa hiyo unakwenda kukagua njia ya hewa. Ingekuwa P0171 (hewa nyingi kuliko mafuta) ningekwambia tafuta kwanza mpira wa hewa uliopasuka, au sensa ya hewa iliyochafuka. Ingekuwa P2135, hizo ni sensa mbili za nafasi ya kisahani hazikubaliani. Unaanza na soketi na nyaya, na hata uisugue throto ing'ae kama sufuria ya bi harusi, taa itarudi.

Nilianza na vya bure. Eya klina (kichujio cha hewa) ilikuwa na vumbi nikaikung'uta, mpira mkubwa wa hewa nikaukagua mikunjo yote, mzima. Hali ikabaki ileile.

Basi nikachomoa betri, nikalegeza klipu za ule mpira, nikauvuta. Upande wa mbele throto ilikuwa safi kiasi cha kunifanya nijione mjinga. Nikakisukuma kisahani kwa kidole, taratibu (betri imechomolewa, narudia, kwa sababu kisahani kinaendeshwa na mota, na ikiamka kidole kikiwa ndani utakumbuka siku hiyo). Nyuma yake ndiko kulikuwa na kazi. Masizi yamezunguka ukingo wote kama ukoko wa wali chunguni, na chini kabisa oili ya kunata. Hiyo oili ni mvuke wa injini yenyewe, unaorudishwa kwenye njia ya hewa ukachomwe. Ukikutana na vumbi na masizi unaganda palepale kisahani kinapofungia. Na kwenye sailensi hewa inapita kwenye upenyo mwembamba sana kando ya kisahani hicho. Ukoko kidogo tu pale, injini inakabwa.

Nikaifungua throto kabisa. Vifaa: kopo la dawa ya kusafishia throto, mswaki wa zamani, vitambaa visivyoacha nyuzi. Dawa unapulizia kwenye kitambaa na mswaki, humwagii throto, kwa sababu ubavuni kuna mota na sensa. Ilaze hivi kwamba uchafu usitiririkie upande huo. Msasa na bisibisi weka mbali. Throto nyingine zimepakwa rangi ya kiwandani kwenye ukingo, watu wanaidhani masizi wanaikwangua. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi kama lami, cha nne kikatoka kahawia, nikaona inatosha. Gaskiti (kizibio kati ya throto na injini) ikiwa imekakamaa, weka mpya.

Nikarudisha kila kitu, nikawasha. Injini ikaunguruma kwa mizunguko elfu moja na mia sita, na haishuki! Baada ya siku moja taa ikarudi, safari hii P0507, yaani sailensi iko juu. Nikampigia yule fundi wa kwanza, akacheka: "Si nilikwambia? Umeshaiua."

Haikuwa imekufa. Miezi yote ile kompyuta ilikuwa inazoea uchafu, inakifungua kisahani zaidi kidogo ili kufidia. Umeondoa uchafu, yenyewe bado inafungua vilevile, hewa inaingia nyingi. Lazima uifundishe upya, na mafundi wengi wanaishia kwenye mswaki.

Kwa Nissan yetu unaweza kwa mguu na saa. Injini iwe ya moto kabisa, gia P, usukani umenyooka, AC na taa kubwa zimezimwa. Zima gari, subiri sekunde 10. Washa swichi bila kuwasha injini, hesabu sekunde 3. Kanyaga mafuta mpaka chini na kuachia kabisa, mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7 mguu ukiwa juu. Kanyaga mpaka chini, shikilia kama sekunde 20. Taa ya injini itapepesa, kisha itatulia ikiwa imewaka. Achia ndani ya sekunde 3, washa injini, usiguse kitu kwa sekunde 20.

Mara ya kwanza nilichelewa kuachia. Mara ya pili nilisahau AC. Ya tatu mwanangu alishika saa ya simu na kunihesabia kwa sauti, na nilipowasha, mshale ukapanda, ukasita, ukashuka mpaka chini kidogo ya mia saba na kukaa hapo. Nikafuta kosa kwa mashine, halijarudi.

Wenye gari za zamani za waya wa mafuta, ambazo pedali inavuta throto kwa waya, zoezi hili haliwahusu. Zenu zina vali ndogo ya sailensi yenye njia yake ya hewa, nayo huziba.

Kapime kwanza, halafu tuambie namba uliyopata. Ikiwa siyo P0506, usiifungue hiyo throto.