Povu si kupunjwa: ninavyoonja pilsner

Dar ukikaa tu baa unaulizwa: ya moto au ya baridi? Miaka yote jibu langu lilikuwa baridi, tena ile ya chini kabisa ya friji. Glasi naiinamisha mwenyewe, namimina taratibu, povu lisizidi kidole kimoja, maana kwa mnywaji wa kwetu povu ni kupunjwa. Tabia hizo mbili nilizibeba hadi Plzeň, mji wa Ucheki ulioipa jina pilsner, bia ya rangi ya dhahabu. Treni ya kutoka Munich kwenda Prague inasimama pale, nami nikashuka na kiu yangu.

Niliumbuka mapema. Kwenye ubao wa baa, kando ya majina ya bia kulikuwa na namba 10 na 12. Nikaagiza ya 10, nikihofia ya 12 itanilaza. Mzee wa meza ya pili akacheka. Kumbe namba ile si kilevi, ni kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji ya kimea kabla hayajachachuka. Bia ya 12 huishia na kilevi cha asilimia 5 hivi, sawa na chupa zetu za kila siku. Glasi ikaja na povu la vidole vitatu, zito kama la maziwa yanayotoka kukamuliwa. Nikamwonyesha mhudumu kwa ishara apunguze. Alinitazama kama mtu aliyeomba pilau lisilo na viungo. Wenyeji huagiza hata glasi iliyojaa povu karibu yote, wakaiita maziwa kwa lugha yao!

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: liache povu. Ndilo linalobeba harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hadi puani, na linaikinga bia isiguswe na hewa. Likizimika upesi, au ukiona vipovu vimeng'ang'ania kwenye kuta za glasi, tatizo huwa ni mafuta au sabuni, usiilaumu bia. Mimi huisuuza glasi kwa maji baridi kabla ya kumimina.

Kuhusu ubaridi, nyuzi 6 hadi 8 zinatosha. Bia iliyokaribia kuganda inaufisha ulimi, hapo hata mbovu itapita. Toa chupa kwenye friji, subiri dakika kumi. Kwa joto la Dar tano zinatosha.

Nasisitiza hivyo kwa sababu pilsner haina pa kujificha. Mwaka 1838 watu wa Plzeň walimwaga mapipa 36 ya bia mbovu mbele ya ofisi za mji, kisha wakajenga kiwanda na kumleta mpishi wa bia Josef Groll kutoka Bavaria, Ujerumani. Mwaka 1842 akatoa bia ya dhahabu: kimea cha shayiri kilichokaushwa bila kuungua, maji ya pale yasiyo na chumvichumvi nyingi, hopsi za Žatec hukohuko Ucheki, na chachu inayofanya kazi kwenye baridi. Bia nyeusi ikiwa na dosari, ladha ya kimea kilichokaangwa huisitiri. Hii haina cha kuisitiri. Tena inahitaji wiki kadhaa za kutulia kwenye baridi, na kwa kiwanda kidogo kila wiki tangi linapokaliwa ni hela iliyolala. Ndiyo maana mwenye kiwanda kidogo akinikaribisha, naanza na pilsner yake, hizo nyingine za maembe na kahawa zitasubiri.

Nusa kabla hujanywa. Kuna pilsner niliyopewa nyumbani, ya kiwanda ambacho sitakitaja, nikadhani nyuma ya baa kuna mtu anachemsha mahindi. Harufu ile hutoka kwenye kimea cheupe, na hubaki pale maji ya kimea yasipochemka sawasawa au mvuke ukizuiwa kutoka. Ukikuta harufu ya bisi zenye siagi, mara nyingi chachu haikupewa muda wa kumaliza kazi. Wacheki wenyewe huivumilia kidogo, mimi inanichosha haraka. Ikinuka kama kicheche kapita, imepigwa na mwanga. Chupa za kijani hazizuii mwanga kama za kahawia, kwa hiyo iliyopangwa dirishani dukani usiinunue.

Iliyo nzima inakuja kwanza na utamu mdogo wa ganda la mkate, halafu harufu ya majani na viungo, mwisho uchungu unaokaa nyuma ya ulimi, ukauke, kisha uondoke. Uchungu ukikwaruza na kugoma kuondoka, mpishi kazidisha au kakosea. Funda la kwanza usilihukumu, ulimi bado unashangaa. Mimi huamua glasi ikifika nusu na kupoteza ubaridi kidogo.

Pale Plzeň mhudumu huandika mstari mmoja kwenye karatasi kwa kila glasi anayokuletea. Mzee wa meza ya pili aliniambia hana njia nyingine ya kupima bia zaidi ya karatasi ile. Yangu, pamoja na ile ya 10 niliyoagiza kwa woga, ilifika mistari minne, na treni ya saa kumi na mbili ikaondoka bila mimi.