Wasomaji Wanauliza: Mapacha wa Shakespeare kwa Midundo ya Mtwara

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaongoza kikundi cha vijana wanaoghani hapa Mikindani. Tungependa kuichukua The Comedy of Errors, futuhi ya Shakespeare yenye jozi mbili za mapacha, tuicheze yote kwa hip-hop ya Kiswahili msimu wa korosho utakapowadia na watu kuwa na fedha mkononi. Mwalimu wetu wa fasihi anasema tutaiharibu kazi ya watu. Je, ni kweli? Na tuanzie wapi?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Wasiwasi wa mwalimu wenu unaeleweka, lakini asiwazuie kwa jina la Shakespeare, kwa kuwa Shakespeare mwenyewe aliichota hadithi hiyo kwa Plautus, mtunzi wa Kirumi aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 1,700, akaiongezea jozi ya pili ya mapacha ili vurugu izidi. Wala ninyi si wa kwanza. Mwaka 1999, mjini New York, futuhi hiyohiyo iligeuzwa kuwa The Bomb-itty of Errors, ambamo waigizaji wanne waligawana wahusika wote, wake kwa waume, huku DJ akiwapigia midundo jukwaani.

Kisichovumilia kuchezewa ni mpango wa makosa yenyewe. Mtazamaji anajua kwamba wapo Antipholus wawili, mabwana, na Dromio wawili, watumishi wao, na kwamba bwana mmoja na mtumishi wake ni wenyeji wa mji huku wenzao wakiwa wageni; walio jukwaani hawajui, na kicheko chote kinatoka katika pengo hilo. Mkighani kwa kasi hata aliyekaa nyuma asisikie nani katumwa na nani, hatacheka, vina vyenu viwe vizuri namna gani. Ndiyo maana ningempa DJ kazi ya kuwatambulisha mapacha: mgeni aingie kwa biti ya kompyuta, mwenyeji aingie kwa ngoma za sindimba, na mke wa mwenyeji aendelee kuwachanganya kana kwamba hasikii kitu.

Chukueni tukio la mwanzoni, ambapo mgeni amemkabidhi mtumishi wake fedha akazihifadhi, mara anatokea mtumishi wa mwenyeji, ambaye hajui habari za fedha, na kumwita kwenye chakula. Mnaweza kumpa maneno kama haya:

Wali waungua moto, bibi kanuna jikoni,
Natumwa kama mtoto, nikurudishe nyumbani.

Kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane, na pigo nne za biti ya kawaida zikigawanywa kila moja mara nne zinatoa nafasi 16, kwa hiyo mshororo wa shairi la kimapokeo unaenea ndani ya mzunguko mmoja bila kulazimishwa. Uzuri huo una hatari yake, maana ukiendelea hivyo kwa dakika kumi watu watasinzia. Bwana asijibu kwa mshororo mzima. Aulize tu, “Fedha zangu ziko wapi?” biti ikiwa imekatwa, kisha mtumishi arudi kwenye wali wake. Mmoja anadai fedha, mwingine anasisitiza chakula, na hapo ujuzi wenu wa kurushiana mistari ndipo unapofaa kuliko popote.

Si kila neno lighaniwe. Yule mzee Egeon, baba wa akina Antipholus, mfanyabiashara aliyehukumiwa kufa jua likizama asipolipa faini, anasimulia mwanzoni jinsi dhoruba ilivyoigawa familia yake baharini. Masimulizi hayo ni marefu, na ningeyaweka katika utenzi wa taratibu wenye ngoma moja tu. Bandari ya Efeso, ambako mchezo unatokea, inaweza kuwa Mtwara bila taabu yoyote.

Kuhusu akina Dromio, katika maandishi ya asili ni watumwa wanaopigwa mara kwa mara ili watu wacheke. Mikindani, mji uliowahi kuwa bandari ya biashara ya watumwa, mimi singelicheza hilo kama lilivyo. Wafanyeni utingo wa lori la korosho, wanaojibu mapigo kwa mistari, na bwana ndiye atoke na aibu. Mkifikiria vinyago vya mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ili mwigizaji mmoja acheze mapacha wote wawili, zungumzeni kwanza na wazee, kwa sababu mapiko yana mambo yake ya jandoni. Vinyago vya kuchonga wenyewe, visivyo na mila yoyote nyuma yake, vitatosha. Ila mkumbuke kwamba katika tukio la mwisho mapacha wote wanasimama pamoja, kwa hiyo hapo mtahitaji watu wa ziada.

SWALI: Shuleni kwetu ipo Mabepari wa Venisi, tafsiri ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. Je, tunaweza kuighani kama ilivyo, kwa biti tulizopakua kwenye simu?
Msomaji, Nachingwea, Lindi

JIBU: Hapana, kwa sababu mbili. Shakespeare alifariki mwaka 1616, kwa hiyo maandishi yake ya Kiingereza ni ya wote, lakini tafsiri hiyo, iliyotoka mwaka 1969, ni ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, na bado inalindwa na hakimiliki. Ombeni ruhusa au mtafsiri wenyewe kutoka kwenye Kiingereza. Biti nazo zina wenyewe, hata zile zinazopatikana bure mtandaoni. Kijana mmoja mwenye kompyuta na ngoma mbili za kijijini atawaondolea tatizo hilo. Kabla ya kutangaza onyesho la kiingilio, mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri yenu awaeleze taratibu za Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na mwende mapema, kabla hamjachapisha mabango.