Pedali kongwe na toleo jipya: pima kwanza, badilisha baadaye

SWALI: Nina pedali ya gitaa, Ibanez TS9, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na nyingine ya toleo jipya. Nikiziweka nobu sawasawa, kongwe inatoa sauti nene na laini, mpya inachoma masikio. Nimeshauriwa nibadilishe IC (chipu ya ndani inayokuza mawimbi), niweke ya aina ya JRC4558D. Nianzie hapo?

JIBU: Hapo ndipo pa kumalizia. Nobu kulingana si pedali kulingana. Potensiometa (rizista inayozungushwa kwa nobu) ya draivu, yaani ya kuongeza mkwaruzo, imeandikwa kilohomu 500, lakini kwa kawaida huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, hivyo moja inaweza kuwa 400 na nyingine 600. Katika saketi hii, yenye rizista ya kilohomu 51 na nyingine ya 4.7, draivu ikifunguliwa hadi mwisho ile ya 400 hukuza mawimbi mara 97 hivi, ya 600 karibu mara 140. Hiyo ni kama desibeli 3, na hakuna IC iliyoguswa.

Rekodi kipande kifupi cha gitaa bila efekti, kisha kipitishe hichohicho katika kila pedali, ukitumia betri ileile. Linganisha sauti kwa nobu ya volyumu mpaka zilingane kabisa, maana pedali iliyozidi kidogo tu sikio huiona nene na tamu. Rekebisha draivu na toni bila kutazama alama. Mtu mwingine akubadilishie pedali huku umegeuka. Mara nyingi ugomvi huishia hapo.

Ukibaki na tofauti, toa betri, chomeka kebo upande wa kutokea, upime kwa mita ya umeme, kwenye plagi ya mwisho wa pili wa kebo, kati ya ncha yake na mkono wake (shina la chuma). Subiri namba itulie. TS9 husoma karibu kilohomu 100. TS808, toleo lililotangulia TS9, karibu 10. Kama moja inasoma 10, kuna fundi aliyewahi kuigeuza kuwa 808. (Mabadiliko hayo husifiwa kuliko yanavyosikika.)

Kisha kagua kapasita za elektroliti. Zikikauka hupoteza uwezo, na pedali ikaanza kuvuma au kunong'ona. Weka za thamani ileile, volti 16 au zaidi, pande (chanya na hasi) zisigeuzwe. Zile zisizo na pande zirudishiwe za aina hiyohiyo. Ncha ya moto ya kifaa cha solda isikae hapo zaidi ya sekunde 3: njia za shaba za bodi kongwe hubanduka upesi.

Bado unaitaka IC? Funga soketi ya miguu 8 kwanza, ili ya asili iweze kurudi.

SWALI: Pedali yangu ya zamani, Boss SD-1, taa inafifia na sauti inadhoofu nikitumia adapta mpya ya volti 9. Imekufa?

JIBU: Jaribu betri mpya. Ikiwa nzima kwa betri, tazama lebo ya chini: ikiandikwa ACA, ilitengenezwa kwa adapta ya zamani isiyodhibitiwa, inayotoa karibu volti 12, na ndani kuna rizista ya kuzipunguza. Ukiipa 9 kamili, saketi hubaki na njaa. Ipe volti 12, katikati ya plagi ya adapta pawe hasi. Lebo ikisoma PSA, volti 9 tu.