Kusogeza mstari wa ua la kuchonga mlangoni kwa msimbo wa kompyuta

Bwana fundi, umeuliza kwa nini ua la kuchonga kwenye mlango wa Lamu, ukilisogeza ndani milimita 3 kwa GetOffsetCurves (amri ya msimbo inayochora mstari sambamba na wa kwanza) ya programu ya uchoraji AutoCAD, mara linatoka nje, mara linarudi vipande viwili. Alama ya kutoa mbele ya umbali usiiamini: kwenye polilaini (mstari mmoja wa vipande vilivyoungana) upande hufuata mwelekeo iliochorwa. Sogeza, pima eneo. Likiongezeka, geuza alama, rudia.

Vipande viwili si kosa. Shingo ya jani ikiwa nyembamba kuliko milimita 6, lazima ikatike, kwa hiyo pitia mkusanyiko wote wa mistari amri inaorudisha, usichukue cha kwanza tu. Kona yenye nusukipenyo chini ya 3 nayo hupotea, ibaki pembe kali. Biti ya mashine ya kuchonga yenye kipenyo cha milimita 6 haifiki sehemu hizo, hata ulazimishe vipi. Weka ya 3, usogeze 1.5.