Kwa mwanangu, kuhusu Akiva na mke wake

Mwanangu,

Barua yako imefika na nimeisoma kabla ya kumwonyesha baba yako. Unauliza kama ni dhambi kuikataa ile nafasi ya kwenda kusoma Yerusalemu, kwa kuwa Mungu amekupa kichwa cha hesabu na unahisi kinachakaa mbele ya ubao wa shule ya msingi. Umenitajia Rabi Zusya wa Hanipol, aliyesema alipokuwa akikaribia kufa kwamba huko aendako hawatamwuliza kwa nini hakuwa Musa, watamwuliza kwa nini hakuwa Zusya. Watoto umewataja mstari wa mwisho kabisa. Nimeuona mstari huo.

Zusya simpingi. Ila Maimonides, mwanazuoni wetu wa Zama za Kati, ameandika kwamba kila mtu anaweza kuwa mwenye haki kama Musa, au mwovu kama Yeroboamu. Sasa nimsikilize nani? Baba yako anasema hawagombani, mmoja anazungumzia tabia na mwingine anazungumzia fungu la kila mtu. Huenda ni kweli. Baba yako ana jibu la kila kitu tangu arudi kutoka masomoni Nabugoye, Uganda.

Mimi nikisikia habari za mtu kutimiza alichoumbiwa, namfikiria mke wa Rabi Akiva, yule mwalimu mkuu wa kale. Kila mwaka kati ya Pasaka na Shavuoti, yaani Pentekoste, tukihesabu zile siku 49, tunawaombolezea wanafunzi wa Akiva waliokufa majira hayo. Mkewe hakuna anayemtaja. Katika Ketubot, kitabu cha Talmudi, hata jina hana, ni binti wa Kalba Savua tu, aliyefukuzwa na babake tajiri kwa kuolewa na mchungaji. Ni yeye aliyemtuma mumewe akasome. Miaka 12 ikapita, Akiva akarudi, akamsikia mzee mmoja akimsimanga mkewe kwamba anaishi ujane na mume yu hai. Mke akajibu kwamba kama mumewe angemsikiliza, angekaa mingine 12. Akiva kusikia hivyo akageuka palepale akarudi masomoni. Hakuingia ndani, mwanangu. Hakunywa hata maji. Aliporudi tena ana wanafunzi 24,000, wakamsukuma yule mwanamke wa nguo kuukuu, Akiva akawaambia mwacheni, yangu na yenu ni yake. Wahubiri wanaipenda sana sentensi hiyo. Mimi huwa nimeshakwama kule nyuma, mlangoni.

Kila anayekua kuna anayemlipia. Nimekuambia hivyo tangu ukiwa mdogo.

Baba yako alipokwenda Uganda kusoma kwa Abayudaya, Wayahudi wa huko, wale ambao wazee wao walisali kwa kujificha enzi za Amin, nilibaki na nyinyi, na ng'ombe, na shamba la waru. Shabati yake ya kwanza nyumbani, sebuleni kwetu kabla hatujajenga sinagogi la mabati, alikuita mbele usome. Ukachanganya herufi za Kiebrania, daleti na reshi. Akauliza, "Nani amekufundisha hivi?" Ukasema, "Mama." Wanaume wakacheka, na yeye akacheka. Kisha akaanza mafundisho yake, na katika Torati yote alichagua Akiva! Alipofika pale pa "yangu na yenu ni yake" akanitazama, na wote wakanigeukia wakitabasamu. Nilitoka nikaenda kuwaangalia ng'ombe, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Lakini nani alimtuma? Ni mimi. Hakuna aliyenishurutisha, na asingekwenda leo tusingekuwa na mtu wa kutusomea Torati huku Nyandarua. Kwa hiyo nina haki gani ya kukasirika? Ninayo. Nilikubali kulipa, sikukubali kuchekwa.

Halafu kuna jambo ambalo baba yako halijui vizuri, kwa sababu hakuwepo. Akiva alianza alefu, herufi ya kwanza, akiwa na miaka 40, ameketi kwa mwalimu pamoja na mwanawe, baba kashika upande mmoja wa ubao na mtoto upande mwingine. Sisi nasi tulikishika kile kijitabu cha Kiebrania hivyohivyo, wewe huku mimi kule, taa ya mafuta katikati, mikono yangu ikinuka maziwa. Ulikuwa unanishinda. Ulikuwa umeshafika memu, mimi bado nang'ang'ana na zayini, nawe ukinicheka mpaka shosho anagonga ukuta tulale. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Asubuhi ulikuwa ukisinzia darasani, mwalimu akalalamika. Kwa hiyo na mimi nilikuwa nakua, na aliyenilipia alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Hapo ndipo neno langu hunigeuka, maana sioni kama kunilipia kulikudhuru. Au kulikudhuru? Hujawahi kuniambia.

Unataka niseme nenda au usiende. Jibu ninalo, na si rahisi kulinyamazia. Rabi Tarfon, wa zama za Akiva, amesema si juu yako kuimaliza kazi, wala huna ruhusa ya kuiacha, lakini hakusema kazi yako ni ipi, hesabu au hao wawili. Mimi sisemi. Ninachosema ni kwamba katika kurasa zote nne mume wako hayumo. Umemwuliza? Akikuambia nenda, mwulize tena wiki inayofuata, baada ya Shabati, akiwa ameshiba na watoto wamelala. Baba yako mimi nilimwambia nenda mara moja tu, na hakurudi kuniuliza.

Ikibidi, mdogo aje huku. Mkubwa usimhamishe shule kabla ya mtihani. Baba yako anakusalimu na anauliza kama chuo kinalipa nauli.

Mama yako