Jibu: Kalsiamu inawezaje kulegeza ateri ileile inayoikaza?

Assalamu alaikum, ndugu yangu. Umeuliza vipi kalsiamu, ambayo hukaza msuli, isemwe pia kuwa hulegeza ateri. Swali hilo lilinikwamisha nami nilipoanza kusomesha hapa Unguja, hata siku niliyochora seli ubaoni na kuweka nukta moja ya chaki nyekundu chini kabisa ya utando wake. Tazama kwanza mahali, kabla ya kiasi. Cheche ya kalsiamu, yaani mfyatuko mdogo wa kalsiamu wa muda mfupi mahali pamoja ndani ya seli, iliyoelezwa mwaka 1993 katika seli za moyo (ambako cheche hizo husaidia kukaza, na nadhani hapo ndipo ulipokwama), hutoka kwenye ghala la ndani ya seli kupitia vipokezi vya raianodini, yaani milango ya kalsiamu ya ghala hilo. Katika msuli laini wa ateri, pale karibu na utando kiwango cha kalsiamu hupanda hadi maikromola (kipimo cha ukolezi) 10 au zaidi, ilhali seli kwa jumla haifiki hata maikromola 1, kwa hiyo nyuzi za kukaza haziamshwi. Zinazofunguka ni chaneli kubwa za potasiamu (milango ya potasiamu kwenye utando) zilizo jirani: potasiamu hutoka, upande wa ndani wa utando huzidi kuwa hasi, chaneli za kalsiamu zinazotegemea volteji hufunga, kalsiamu inayoingia kutoka nje hupungua, na ateri hulegea. Ukitaka kuhakikisha, angalia majaribio ya iberiotoksini, sumu ya nge inayoziba chaneli hizo za potasiamu. Ateri ikishawekewa, hukaza.